Burt Munro: Mzee aliyesubu pistoni kwenye makopo, akapiga 295km/h

TIMU ikikosa straika inaingia sokoni. Dirisha likifunguliwa hela inatoka, jamaa anatua uwanja wa ndege na skafu shingoni, mashabiki wanaimba, maisha yanaendelea. Sasa fikiria timu ambayo soko lake limefungwa moja kwa moja. Siyo tu haina hela, bali mchezaji inayemtaka hajazaliwa popote. Itafanya nini?

Burt Munro wa New Zealand aliishi katika hali hiyo kwa zaidi ya miaka 40. Hakuwa kocha wala mchezaji wa mpira. Alikuwa muuza pikipiki katika mji wa Invercargill, kusini kabisa mwa nchi yao, aliyenunua pikipiki moja mwaka 1920 na kugoma kuachana nayo. Badala ya kuibadilisha pikipiki, akabadilisha karibu kila kitu kilichokuwa ndani yake.

Agosti 1967, akiwa na umri wa miaka 68, alilala kifudifudi juu ya chuma hicho hicho kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah, Marekani. Alipotoka, jina lake liliandikwa kwenye rekodi ya daraja la injini zisizozidi cc 1,000, kwa wastani wa kilomita 295 kwa saa.

Wengi wanaomfahamu wamemjulia kwenye filamu ya 2005, The World's Fastest Indian, ambayo Anthony Hopkins alicheza kama yeye. Filamu tamu, sina ugomvi nayo. Ila filamu inapenda spidi, upepo na safari. Kwangu mimi mechi yenyewe ilichezwa kwingine kabisa. Ilichezwa bandani, usiku, kwenye jiliwa na tupa, ambako mzee alikuwa akitengeneza spea ambazo hakuna duka duniani lililokuwa nazo.

CHUMA CHENYEWE

Pikipiki ilikuwa Indian Scout, iliyotengenezwa Springfield, jimbo la Massachusetts. Mchoro wake ulikuwa wa Charles Franklin, mhandisi kutoka Ireland. Injini ilikuwa na silinda mbili zilizokaa kama herufi V, ukubwa wake cc 600 hivi, namba ya injini 50R627. Ilivyotoka kiwandani, mwendo wake wa juu ulikuwa maili 55 kwa saa, yaani kama kilomita 89.

Kilomita 89! Bodaboda wa leo mwenye cc 150 anaweza kufukuzana nayo vizuri tu kwenye barabara ya lami.

Shida kubwa ilikuwa kwenye pumzi. Valvu za Scout zilikaa ubavuni mwa silinda, siyo juu yake. Mchanganyiko wa hewa na petroli ulilazimika kupita kona kabla ya kufika juu ya pistoni, na moshi wakati wa kutoka nao ulipita kona. Kwa mwendo wa kawaida haina neno. Ukitaka spidi, injini ya namna hiyo ni kama winga anayekimbia huku amezibwa pua.

Munro alianza kuichokonoa miaka ya 1920 na hakuacha. Mchana alikuwa kazini anauza pikipiki, usiku yuko bandani, na kuna siku kulikucha akiwa hajalala, akanawa mikono na kwenda kazini. Baadaye, ndoa yake ilipovunjika, alihamia kuishi ndani ya gereji. Hela hakuwa nayo. Kiwanda cha Indian nacho kilisimamisha uzalishaji mwaka 1953, kwa hiyo hata spea za kawaida zikazidi kuwa adimu.

Hapa ndipo wengi wanachanganya. Spea adimu ziko za aina mbili. Kuna ile iliyowahi kutengenezwa, kiwanda kikafa, ikaisha madukani. Hiyo ina nafuu yake, kwa sababu unayo ya zamani mkononi hata kama imevunjika. Unaipima, unaiga, unaboresha kidogo pale ilipochoka. Halafu kuna ile ambayo haijawahi kuwepo. Indian hawakuwahi kutengeneza pistoni ya Scout ya kukimbia kilomita 295 kwa saa, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili timamu aliyewahi kuwaomba. Munro alihitaji hii ya pili. Hakuwa na sampuli wala mchoro wa kunakili.

KWA NINI INJINI INANOKI

Tupite kidogo gereji, maana bila hili huwezi kuelewa ukubwa wa alichokifanya.

Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, krenki inapiga mizunguko 100 kwa sekunde. Kila mzunguko pistoni inapanda, inasimama, inageuka, inashuka, inasimama tena. Maana yake ndani ya sekunde moja imesimama na kuondoka mara 200. Anayeikamata na kuivuta kila mara ni konrodi, ule mkono wa chuma unaounganisha pistoni na krenki. Na mzigo wake hauongezeki kistaarabu. Ukizungusha injini mara mbili zaidi, nguvu inayoivuta konrodi inakuwa mara nne.

Kwa hiyo fundi akifanikiwa kuipa injini pumzi zaidi, anakuwa ameiandalia konrodi kifo. Akitibu konrodi, pistoni inayeyuka. Akitibu pistoni, silinda inakwaruzika. Kila ushindi unaleta mpinzani mgumu zaidi kwenye raundi inayofuata.

Kuna joto pia. Pistoni ya aluminiamu ikipata moto inatanuka karibu mara mbili ya silinda ya chuma cha kusubu. Fundi lazima aache nafasi kati ya viwili hivyo wakati injini ni baridi, nafasi ndogo kama unene wa unywele. Akibana sana, pistoni inatanuka na kunata ndani ya silinda, injini inagoma ghafla na gurudumu la nyuma linafunga. Akilegeza sana, inagonga, inakula oili na nguvu inavujia chini. Kiwandani kipimo hicho kinalindwa na mashine za mamilioni. Munro alikuwa na macho, vidole na uzoefu. Hata kifaa chake cha kupimia kilitengenezwa kwa spoku ya zamani ya gurudumu.

MAKOPO, BOMBA LA GESI NA EKSELI YA TREKTA

Pistoni alizisubu mwenyewe. Aliyeyusha chuma na kukimimina kwenye kalibu alizozitengeneza kwa makopo ya kawaida, yale ambayo mtu mwingine anatupa jalalani.

Inaonekana rahisi hadi ujaribu. Aluminiamu ikipoa inanywea. Ukitaka kitu cha milimita 100, kalibu yako lazima iwe kubwa zaidi kwa milimita moja na kidogo, la sivyo unatoa pistoni pungufu. Ukimimina chuma kikiwa kimepoa mno, kinaganda kabla hakijajaza kona. Kikiwa na moto kupita kiasi, kinameza hewa na kutoka na matundu madogo madogo ndani, ambayo huyaoni kwa nje. Utayajua siku pistoni itakapotoboka ukiwa spidini. Na kusubu ni nusu tu ya kazi. Baada ya hapo kuna kukereza, kutoboa tundu la pini, kuchonga mifereji ya ringi, kupima, kurudia.

Silinda alizitengeneza kwa mabomba ya zamani ya gesi, ya chuma cha kusubu. Mtu akisikia hivyo anaweza kucheka, lakini fundi hacheki. Chuma cha kusubu kilichokaa miaka mingi kimeshatulia, mikazo iliyobaki ndani yake tangu siku kilipopoa imelegea. Kipya kinaweza kupinda kidogo baada ya kukerezwa, na kidogo hicho kwenye silinda ni kifo. Kwa mtu asiye na hela, bomba lililochakaa lilikuwa mali.

Konrodi ndiyo kazi ninayoivulia kofia kuliko zote. Alizichonga kutoka kwenye ekseli ya trekta la Caterpillar. Hebu waza. Ekseli ya trekta imetengenezwa kubeba mzigo wa kusokotwa na kugongwa siku nzima shambani, kwa hiyo chuma chake ni kigumu na kina uvumilivu. Ugumu huo huo ndio unaoila tupa yako. Munro alikipunguza taratibu kwa mkono hadi umbo la konrodi likajitokeza, kisha likapitishwa kwenye moto ili lipate uimara wake. Na konrodi haivumilii mkwaruzo. Alama ndogo ya tupa iliyoachwa kwa kukata mkono huo mapana inatosha kuwa mlango wa ufa, kwa hiyo mafundi hung'arisha konrodi za mashindano hadi zinateleza kama kijiko.

Halafu ile shida ya pumzi. Munro aliachana na valvu za ubavuni, akatengeneza vichwa vipya vya silinda vyenye valvu juu, zikisukumwa na fito. Kemu za kiwandani zilikuwa mbili, yeye akaweka mpangilio wa kemu nne, ili kila valvu ipate ratiba yake. Flaiwili akatengeneza. Mfumo wa kusambaza oili akaupanga upya, maana ule wa 1920 haukuwa na uwezo wa kulisha injini ya namna hii. Nguvu ya injini ilipozidi, akaihamisha kwenda kwenye giaboksi kwa mnyororo wa safu tatu.

Injini ikakua. Kutoka cc 600 ikafika 850, kisha 920, mwisho 950. Kila hatua ilidai silinda mpya na pistoni mpya, na hakuna hata moja iliyokuwa na bei dukani.

RAFU YA SADAKA

Bandani kwake kulikuwa na rafu. Juu ya rafu hiyo alipanga vyuma vilivyomfia: pistoni zilizotoboka, konrodi zilizopinda na kukatika, vipande vya injini zilizonoki. Akaandika maneno yenye maana ya "Sadaka kwa Mungu wa Spidi". Jina hilo ndilo lililotumika kwenye filamu ya maisha yake halisi iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikiongozwa na Roger Donaldson, mwongozaji yule yule aliyerudi na Hopkins 2005.

Watu huichukulia rafu ile kama kichekesho cha mzee mwenye vituko. Mimi naiona kama ile video ya mechi uliyofungwa, ambayo kocha mzuri anaitazama mara kumi wakati wachezaji wanataka kuisahau.

Chuma kilichovunjika kinazungumza, ukijua lugha yake. Kilichokatika taratibu kwa uchovu kinaonyesha mistari laini iliyojipinda, kama alama ambazo mawimbi huacha mchangani maji yakikupwa. Ufa ulianza sehemu moja na kusogea kidogo kidogo, na mistari inakuonyesha ulikoanzia. Kilichokatika kwa pigo moja kina uso wenye chembechembe, kama sukari. Pistoni iliyotoboka katikati inakwambia petroli ilikuwa chache kuliko hewa, au cheche iliwahi. Mikwaruzo ya wima ubavuni inakwambia ilinata, na upande iliponata unakwambia nafasi ilikuwa ndogo wapi.

Anayenunua spea dukani hana haja ya kujua haya. Ikivunjika anatoa hela, anafunga nyingine, ikivunjika tena analaumu duka. Anayejitengenezea hana wa kumlaumu. Asipojua kwa nini ya kwanza imekufa, ya pili itakufa palepale, na kwa Munro "palepale" ilimaanisha yeye yuko spidini, injini ikiwa chini ya kifua chake.

Ndiyo, chini ya kifua. Kwenye chumvi hakukaa kama bodaboda. Alilala kifudifudi juu ya pikipiki ndani ya boda refu lililofunika chombo chote kama samaki, ili upepo usimshike. Konrodi ikikatika hapo, pa kukimbilia hapapo.

NYUMBANI NA UGENINI

Rekodi za Bonneville zina sheria ambayo shabiki wa mpira ataipenda. Unakimbia upande mmoja, unageuka, unakimbia upande wa pili, halafu unapewa wastani. Ni nyumbani na ugenini, upepo ulionisaidia kwenda utaniadhibu nikirudi. Na kwa injini ya kujitengenezea, mechi ya marudiano ndiyo ngumu, kwa sababu vyuma vimeshapigwa raundi ya kwanza.

Mazingira nayo hayasaidii. Uwanda ule uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, injini inakosa pumzi. Nyumbani Munro alizoea kufanya majaribio kwenye mchanga wa Oreti, ufukwe mrefu karibu na Invercargill, ambako bahari iko palepale. Kila alichokiseti huko kilidai kurekebishwa akivuka Pasifiki.

Mwaka 1962, akiwa na miaka 63 na injini ya cc 850, aliweka rekodi ya daraja la cc 883 kwa wastani wa kilomita 288 kwa saa. Mwaka 1966, kwa cc 920, akarudi na kilomita 270. Ndiyo, ilishuka. Injini kubwa zaidi, spidi ndogo zaidi. Kwenye mchezo huu kuongeza ukubwa siyo dawa ya moja kwa moja. Mzee akarudi bandani.

Mwaka uliofuata, cc 950, ndiyo ile ya 295. Katika mbio za kufuzu alipimwa upande mmoja kwa maili 190.07, yaani karibu kilomita 306 kwa saa. Pikipiki ambayo kiwanda kiliipa 89.

Kuna kisa kimoja cha baadaye ambacho mashabiki wa VAR watakifurahia. Mwaka 2014, miaka 36 baada ya Munro kufariki, mwanawe John aligundua kuwa hesabu ya wastani wa 1967 ilikosewa. Chama cha pikipiki cha Marekani, AMA, kikarudia hesabu na kukubali. Rekodi ikapanda kutoka maili 183.59 hadi 184.087, karibu kilomita 296. Goli lilikuwa halali muda wote, ila ubao ulisomeka vibaya kwa miaka 47.

WANACHAMA WENYE KIWANDA

Usidhani ufundi huu ulikufa na mzee. Huko Uingereza kuna pikipiki za Vincent, zilizotengenezwa Stevenage hadi uzalishaji ulipokoma 1955. Wenye nazo walikuwa na hofu moja, kwamba spea zikiisha chuma kinageuka pambo la sebuleni. Wanachama wa klabu yao wakaunda kampuni yao ya spea, inayotengenezesha upya vipande kwa michoro ya zamani na kuviuza kwa wenye pikipiki hizo. Kwa lugha yetu, mashabiki walijichanga wakaokoa timu.

Vifaa navyo vimebadilika. Leo fundi anaweza kupima kipande kilichovunjika kwa mwanga, akakirekebisha kwenye kompyuta, akachapisha umbo lake kwa plastiki na kulitumia kutengenezea kalibu ya mchanga. Ila chuma bado kinanywea kikipoa, na matundu ya hewa bado yanajificha ndani.

Kwetu, ukipita Gerezani, Dar es Salaam, utawakuta wanaoelewa habari hii bila kutafsiriwa. Wapo wakereza wanaochukua bushi iliyokwisha, wanaiangalia, wanapima, wanakutolea nyingine kutoka kwenye kipande cha chuma ambacho jana kilikuwa kitu kingine. Mwenye bodaboda ya kisasa hawahitaji sana, spea zake zimejaa kila kona. Mwenye pikipiki ya babu yake ndiye anayewatafuta.

Munro mwenyewe alipata kiharusi 1977, mwili ukawa haumtii tena. Kwa kuwa hakutaka pikipiki zake ziondoke kwao kusini, Indian na ile Velocette yake ya mashindano, aliziuza zote mbili kwa Norman Hayes, mfanyabiashara wa hapo hapo Invercargill. Alifariki Januari 6, 1978.

Duka la Hayes bado lipo mjini. Ni duka la vifaa, watu wanaingia kununua misumari, nati na bisibisi, na ile Indian imewekwa humo humo ndani, pamoja na pistoni na konrodi zilizovunjika kutoka kwenye rafu.